Kazi Zisizo na Jina

Mimi mambo ya kurukaruka siyawezi. Nikiamka nataka kujua leo kuna nini, kesho kuna nini, na nani anafanya nini. Wateja wangu pale saluni, Kawangware 56, wananijua: ukichelewa, kiti kimekaliwa na mwingine, na usininunie. Kwa hivyo mama alipohamia kwa dada yangu mdogo kule Kibera, na mambo yake yakaanza kuendeshwa kwenye grupu ya familia kwa simu, haikuchukua muda nikawa karibu kumrarua mtu.

Grupu ile ilikuwa vurugu tupu. Dada yangu anaandika kwamba dawa ya presha ya mama imeisha. Kabla hujajibu, binamu wa nyumbani ametuma maombi ya asubuhi, shangazi ametuma picha ya maua, ukoo mzima umesema amina, na dawa imezama huko chini na hakuna wa kuiopoa. Siku moja mimi na dada tulinunua dawa ileile, kila mtu kivyake, halafu kliniki ya macho hakuna aliyempeleka. Nilipiga kelele siku hiyo mpaka jirani akazima redio asikie vizuri.

Na kliniki ya macho ndiyo hasa haikutakiwa kusahauliwa. Jicho la kushoto la mama lilipotea zamani, tukiwa bado wadogo kule kando ya ziwa. Lililobaki ni la kulia, na hilo nalo lilikuwa limeingia mtoto wa jicho. Kila mwezi alikuwa anaona kidogo kuliko mwezi uliopita. Kwanza aliacha kusoma Biblia yake. Kisha akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Mwishoni alikuwa anatujua kwa sauti tu. Muuguzi wa kliniki alisema operesheni ingemrudishia, ila tusikae sana. Alisema hivyo akiniangalia mimi.

Aliyenionyesha apu ya kupanga kazi ni mteja, msichana wa chuo. Nilikuwa namsuka na yeye ameinamia simu, anapanga masomo yake, anatia tiki, anafuta. Nikamwambia ainue kichwa. Akainua, simu nayo ikainuka, nikaona.

"Hiyo ni nini, daftari?"

"Ni ya kuandika noti, auntie, lakini mimi naweka kazi. Unaipa kazi siku, unaipa mwenyewe, halafu unaweka filta. Ona, huu ukurasa unaonyesha za leo pekee. Huu ni za wiki. Huu ni zangu peke yangu, zile za grupu ya darasa hazionekani."

"Na zile hazionekani zimeenda wapi?"

"Hazijaenda mahali. Ziko tu. Hazijaitwa."

Yawa! Nilimsuka huku nikimuuliza maswali mpaka akachoka kunijibu. Jioni hiyo nilikuwa nayo kwenye simu yangu.

Jumapili baada ya kanisa nikaenda kwa dada. Anaishi upande ule wa Kibera unaopakana na mtaa wa Nyayo Highrise, na ni huko Highrise anakofanya kazi ya nyumba, kufua na kupika. Mama alikuwa ameketi kitandani anasikiliza redio. Mimi na dada tukaketi mkekani na simu zetu, tukaandika kila kitu cha mama: dawa, maji ya kuoga, kukatwa kucha, kusomewa Biblia, kusukwa, kupimwa presha, kupelekwa kliniki. Kila kazi na siku yake, na upande wa kulia jina la mwenye kuifanya. Dada alikuwa anaogopa filta. Aliogopa kazi zitapotea. Nikamwambia ni kama chujio ya chai, majani hayapotei, yanabaki tu upande ule mwingine. Akaelewa. Tukaenda vizuri, kazi yangu, kazi yako, mpaka tukafika kwa paa.

Chumba cha dada kilikuwa kinavuja juu ya kitanda cha mama. Dada akainua macho.

"Hapa naandika nani?"

"Si unajua ni nani."

"Najua. Lakini naandika?"

Tukaangaliana. Kaka yetu ni kifungua mimba, na ni fundi wa mawe. Paa ni lake, hilo halina mjadala. Lakini kwetu kifungua mimba hatumwi. Kati yetu watoto yeye ndiye wa kuanza kupanda mbegu, yeye ndiye wa kuanza kujenga, sisi tunafuata nyuma. Ukitaka kitu kwake humwambii fanya. Unakaa mahali anaposikia na unaongea na ukuta: "Hii mabati ya jikoni siku hizi inavuja." Yeye hajibu. Kesho yake unamkuta juu ya mabati ana nyundo. Ndivyo tulivyolelewa. Baba alipokuwa hai alifanyiwa hivyo, na alipokufa tukahamishia kwa kaka. Sasa umtoe mtu kama huyo umwandike jina kwenye simu, na tarehe mbele yake, kama kibarua wa mjengo anayeitwa na msimamizi? Mimi nina mdomo, lakini huko sifiki.

"Wewe acha wazi," nikamwambia dada. "Andika tu paa linavuja. Akiona ataelewa."

Akaacha wazi. Na kila kitu kingine kilichokuwa cha kaka tukakiacha wazi vilevile, heshima mahali pake.

Alasiri kaka alipokuja kumsalimia mama na kula, nikaichukua simu yake nikamwekea ile apu, na orodha yetu ileile ndani. Nilitaka kumrahisishia. Nikamtengenezea ukurasa mmoja tu, nikauita Zangu, nikautia filta ya jina lake.

"Hapa utaona za kwako pekee," nikamwambia. "Usisumbuliwe na mambo yetu ya kucha na kusuka."

Akaangalia. "Iko tupu."

"Itajaa," nikasema.

Akasema sawa, akaweka simu mfukoni. Kaka si mtu wa maneno. Ukipata sentensi mbili kwake siku moja, hiyo ni hotuba.

Nisiseme uongo, nilifurahia sana ile kitu. Asubuhi nafungua ukurasa wa Leo, naona vitu vichache, natia tiki, vinaondoka. Za saluni nazo niliziweka humo: nywele za kuagiza, dryer ya kupeleka kwa fundi. Nilikuwa nawahubiria wateja hadi wakaanza kuniita pasta. Jumapili ndiyo siku tuliyofungua orodha nzima, mimi na dada, tukaona zilizoisha na zilizobaki.

Na zilizobaki zilikuwa zilezile. Paa linavuja. Kitanda cha mama kinayumba. Mlango haufungi. Zote hazina jina, zote hazijaguswa.

"Ameona?" dada akauliza.

"Si iko hapo? Ataachaje kuona?"

Halafu kaka akaacha kuja Jumapili. Kwanza alisema amechoka. Jumapili iliyofuata hakusema kitu. Mimi naye tunakaa karibu, yeye Kawangware 46, na tulikuwa tunapishana steji asubuhi. "Sasa." "Poa." "Mama hajambo?" "Hajambo." Basi, kila mtu na njia yake. Nilikuwa nimevimba. Nikawa namsema saluni nikiwa na kitana mkononi, na wateja, ambao hata hawamjui, wakawa wananipa moto zaidi. Mmoja akasema wanaume wakiona mama yao amezeeka hukimbia. Mwingine akasema lazima kuna mwanamke. Mimi nikasema ni kiburi tu, tena kiburi cha bure, mtu hata kugonga msumari mmoja kwa kitanda cha mama yake hawezi. Dada alipanda juu ya meza mwenyewe akaziba lile tundu kwa karatasi ya nailoni.

Ndipo muuguzi akapiga simu. Kulikuwa na madaktari wa macho wanakuja hospitalini kwa siku chache, wanapasua wengi kwa pamoja, na mama amepata nafasi Alhamisi. Akikosa atangoja mpaka waje tena, na hakuna anayejua lini. Na lile jicho, akasema, kwa jinsi alivyoliona mara ya mwisho, si la kungojangoja.

Tulimwambia mama. Alifurahi, akauliza chakula ataruhusiwa kula saa ngapi. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kufunga mjadala, "Mimi silali kwenye kitanda cha kisu kabla kifungua mimba wangu hajaniambia lala."

Hatukubishana. Kwetu mama hapasuliwi mwanawe mkubwa akiwa hayupo, na hata kama mila hiyo isingekuwepo, mama yangu akisema hapana ni hapana. Dada akaandika: Mama, jicho, kumpeleka hospitali na kukaa naye. Akaweka Alhamisi. Jina akaacha wazi.

Mtu ataniuliza mbona hatukupiga simu. Kumkumbusha mkubwa kitu ambacho tayari kiko mbele ya macho yake ni kumgombeza. Ni kumwambia tunajua umeona na umekaa kimya. Na kwa paa na kitanda alikuwa amekaa kimya, ndivyo tulivyofikiri, lakini hili ni jicho la mama. Tulisema hata awe na kiburi namna gani, kwa hili ataamka.

Alhamisi asubuhi nilikuwa na mteja kitini, nusu nimesuka, nusu nywele zimesimama. Dada akapiga.

"Sista, brathe hajafika, nimemleta mama mwenyewe." Alikuwa ananong'ona, na huwa hanong'oni. "Mama amekaa hapa kwa benchi. Amekataa kuvaa gauni yao. Wameita jina lake, amesema hatoki. Sista wa wodi anasema wakiita tena na hajaingia, wanaenda kwa mwingine."

"Mpigie!"

"Simu imezimwa."

Nilimwambia mteja aniwie radhi. Hakuniwia, alinitukana, na sikumlaumu. Nikapanda boda mpaka 46, kwenye mjengo nilikosikia anafanya kazi. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kumwambia, na yalikuwa makali.

Nilimkuta na mwiko mkononi, anapanga mawe. Sikungoja hata anione.

"Wewe ni mtu wa aina gani? Mama yuko hospitali tangu asubuhi anakungoja! Jicho linamwishia, na wewe uko hapa unapapasa mawe! Tumekukosea nini? Sema!"

Mjengo mzima ukasimama. Mchanganyaji wa simiti akaacha koleo. Kaka akaweka mwiko chini pole pole.

"Mama yuko hospitali? Ana nini?"

"Usijifanye! Iko kwa simu tangu wiki iliyopita!"

Kaka akatembea mpaka kwa mama wa chai, aliyekuwa anawawekea mafundi simu zao mbali na vumbi, akachukua yake, akaiwasha, akafungua ile apu, akanipa. Ukurasa wa Zangu. Mweupe. Katikati yake maandishi madogo: hakuna kazi hapa.

"Kila asubuhi," akasema, "kabla sijashika mwiko, nafungua hii kitu. Kila asubuhi iko hivi. Nikajua mmekaa mkaamua."

"Tumeamua nini?"

"Kwamba mama ni wenu."

Jamani. Nikaona sasa hivi kile ambacho ningeona kitambo kama ningekuwa na akili kidogo: filta yake ilikuwa inaita jina lake, na jina lake hatukuliandika popote. Tuliogopa kumtuma. Kila tulichomwachia kilibaki upande ule mwingine, na yeye akaachiwa weupe. Lakini mimi nikiona haya hasira hunitangulia, kwa hivyo nikamfokea tena.

"Sasa si ungeuliza?"

"Niulize nini, nyamera? Niombe kazi kwa mama yangu mzazi?"

Nyamera ni dada yangu, kwa lugha yetu. Alikuwa hajaniita hivyo muda mrefu. Nikatoa filta. Orodha ikamwagika yote, paa, kitanda, mlango, na Alhamisi juu kabisa ikiwa nyekundu. Akaisoma amesimama, anaisukuma kwa kidole chenye simiti. Alipita zile zisizo na jina, akafika kwenye zetu zilizotiwa tiki, nyingi mno, akaendelea kusukuma.

"Hata kumsomea Biblia mmegawana," akasema.

Nikamwambia boda inangoja.

Alikuja na nguo zake za mjengo hivyohivyo. Kule hospitalini sista wa wodi alikuwa mkali, na haki yake. Alisema mama ameshapitwa, watu wametoka mbali, hospitali si mahali pa kubembelezana. Mimi nilikuwa tayari kumjibu. Kaka akanishika mkono, akapita mbele, akachuchumaa pale kwenye benchi.

"Mama. Nimekuja. Enda ulale."

Mama akasimama hapohapo, akaanza kufungua vifungo vya sweta mwenyewe. "Si nilikuwa nawaambia anakuja," akamwambia sista wa wodi, kama kwamba yeye ndiye aliyekuwa mgumu. Yule sista akamtazama, akatutazama sisi, akashusha pumzi. Akasema atamweka wa mwisho, kama daktari atakubali. Daktari alikubali.

Tulikaa benchi lile watatu. Sikumbuki kama nimewahi kuogopa hivyo. Nilikuwa nafikiri kama madaktari wangemaliza mapema, kama boda ingepata pancha, mama angerudi nyumbani na giza lake kwa sababu ya adabu yetu. Nikamwambia kaka pole. Dada akalia kidogo, akajifuta na leso.

"Nipe orodha yote," kaka akasema. "Nyinyi hamwezi kuniandika. Sawa. Nitajiandika."

Nikampa simu yangu. Akaanza juu. Paa, akaandika jina lake. Kitanda, jina lake. Mlango, jina lake. Anaandika kwa kidole kimoja, anakosea, anafuta, anaanza tena. Hatukumsaidia. Alipofika kwenye kumsomea mama Biblia Jumapili alikuta jina langu, akalifuta bila kuniuliza, akaweka lake. Alipomaliza nikatengeneza ukurasa mpya, nikauweka wa kwanza kwa simu zetu zote, unaoonyesha kazi zisizo na mwenyewe. Tukakubaliana mtu akiukuta una kitu, aulize kwa mdomo. Hata kama ni mkubwa anauliza mdogo. Kaka akasema sawa.

Mama akatolewa na bandeji jichoni, anaulizia chai.

Ijumaa asubuhi tulirudi wote, mama akafunguliwe bandeji. Sista wa wodi alitoa bandeji, akasafisha, akamwambia afungue pole pole. Mama akapepesa. Machozi yakatoka, akapepesa tena. Sista akainua vidole ili mama avihesabu, naye akamwondoa mkono mbele yake kwa adabu, kwa sababu alikuwa anaangalia zaidi ya vidole.

Alianza na dada. "Hiyo nguo bado unavaa?" Dada akacheka huku analia. Akaja kwangu. "Wewe umenona. Saluni inalipa." Nikasema asante mama, nikicheka na mimi, nimejaa furaha mpaka kifua kinauma.

Kisha akamfikia kaka, akakaa hapo. Alimwangalia muda mrefu. Kicheko chetu kikaisha chenyewe.

"Sogea," akamwambia.

Kaka akasogea. Mama akainua mkono akashika kola ya shati, mkono mzima ukaingia kati ya kola na shingo. Akashuka kwenye mabega, akapapasa, kama alivyozoea kutupapasa wakati haoni. Akashuka mpaka kwenye mshipi, ambao kaka alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, na ncha yake imezunguka mpaka nyuma.

"Nyathina. Mtoto wangu. Umekonda hivi tangu lini?"

"Ni kazi ya mjengo, mama."

"Nakuuliza tangu lini."

Kaka akavuta shati kufunika mshipi. Mama akageuza lile jicho jipya, jekundu bado, akalileta kwetu sisi wawili.

"Na nyinyi?" akasema. "Nyinyi mlikuwa mnaona."

Dada akaangalia sakafu. Mimi nikafungua mkoba wangu, nikajifanya natafuta kitu.